Kabla Useme ni Karuho

Maze, msee akimanga nyama jioni kule Masisi, mashariki mwa Kongo, alale freshi, halafu usiku wa manane aamke mwili wote unawasha, midomo imefura na pumzi inakata, wasee wa pale nyumbani husema kitu moja tu: karuho. Amelishwa sumu. Na kabla hata apelekwe kwa muganga, jina la jirani lishatajwa.

Sisi watoto wa Masisi na Walikale tuliolelewa huku Nairobi, Kayole na Githurai, tunazijua hizo simu za usiku. Binamu anabonga mbio mbio, nyuma mathe analia, mtu anauliza kwa ukali nani alipika. Hakuna anayeulizanga mgonjwa alidishi saa ngapi. Na hiyo ndiyo swali ningependa tuanze nayo, juu saa inasema mob.

Aleji ya msosi mara nyingi haina subira. Karanga, yai, samaki, maziwa: dakika chache mpaka masaa mawili hivi, ngori imeanza. Lakini kuna moja inachelewa, na inaanzia kwa kupe. Mwaka 2009 daktari Thomas Platts-Mills na wenzake wa Virginia, Marekani, walieleza wagonjwa waliokuwa wanafura masaa matatu mpaka sita baada ya kudishi nyama. Ndani ya nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe kuna sukari inaitwa alfa-gal. Kuku hana, samaki hana. Kupe akikuuma, mwili unaweza kuanza kuiona hiyo sukari kama adui, na ile siku umepiga sahani ya nyama yenye mafuta, vita inawaka ukiwa umelala. Afrika Kusini, mashambani kule Eastern Cape, watafiti waliipata pia.

Sasa cheki Masisi yetu. Vilima vya malisho, ng'ombe kila mahali, jibini, maziwa ya mashanza, vijana wachungaji wanaorudi jioni wakijitoa kupe miguuni. Sisemi kila aliyefura usiku ameumwa na kupe. Nasema kupe aingie kwa orodha ya washukiwa kabla ya mke wa jirani.

Walikale ni story ingine. Huko ni msitu na madini, wasee wa Bisie wanachimba kasiterite, na msosi mwingi unatoka mbali kwa barabara mbovu. Samaki kama Thomson akikaa bila baridi, histamini inajaa ndani yake, na hata umpike vipi haitoki. Watu wanageuka wekundu usoni, kichwa kinagonga, moyo unakimbia. Kama nyumba nzima ilikula na nyumba nzima imeshikwa, hiyo si aleji ya mtu mmoja, ni samaki. Na inaniuma, juu hapo ndipo story ya sumu inashika kabisa: nyumba nzima kulala chini kwa usiku mmoja, nani ataamini ni samaki?

Halafu kuna muhogo mchungu. Unatakiwa kulowekwa siku kadhaa ili sianidi itoke, na familia inayokimbia risasi haina hizo siku. Huo unaleta kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma, lakini kwa kawaida ngozi haitoki mapele.

Tuingie kwa usiku wenyewe. Mtu akiaminiwa kapewa sumu, ananyweshwa maziwa ama mawese, anatiwa kidole kooni atapike. Tafadhali wasee, hapana. Koo lililofura halipitishi vizuri, na kama shida ni maziwa umemwongezea. Kwa aleji kali, dawa ya kuokoa maisha ni adrenalini, na si ya kishua: ni ampuli ndogo ya miligramu 1 kwa mililita 1. Muuguzi anamdunga mtu mzima nusu yake kwa msuli wa paja, upande wa nje. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anapata mililita 0.3, chini ya hapo 0.15. Pumzi isipofunguka baada ya dakika tano, inarudiwa. Tembe za kuwashwa zinatuliza ngozi tu, koo hazilifungui. Mahali watoto wanachanjwa, adrenalini inafaa kuwa hapo, kwa hivyo mchana, kukiwa na amani, tuma mtu aulize sante ya karibu, yaani kituo cha afya, kama wanayo.

Kumbeba nako kuna njia. Mgonjwa alale chali, miguu juu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae, lakini asisimamishwe ghafla, juu damu ikishuka moyo unaweza kukata hapo hapo. Ndiyo maana kwa mwendo mfupi naiamini tipoyi, machela ya mabegani mwa vijana, kuliko pikipiki inayomrusha amekaa wima. Najua pia kuna usiku hakuna anayetoka. Waasi wa M23 waliingia mji wa Masisi Januari 2025, wakafika Walikale Machi, na barabara za giza zina watu wenye bunduki. Hapo anayeumwa na mtu wake wanabaki na kulala chali, miguu juu, na kusubiri kupambazuke. Inanikasirisha kwamba ampuli moja inaweza kuwa umbali wa kilima kimoja.

Akipona, abaki kwa sante masaa kadhaa, juu inaweza kurudi mara ya pili. Kisha muandike pamoja: alikula nini masaa sita kabla ya kushikwa, alikunywa pombe ya kasiksi, alimeza dawa gani ya maumivu, ametoka kupanda mlima, kuna alama ya kupe. Pombe na kazi ngumu huikoleza aleji. Kama nyama ndiyo mshukiwa, aachane nayo, adishi kuku na samaki freshi, na kila jioni akaguliwe kupe.

Miezi ikipita bila usiku mwingine kama ule, mwende kwa yule jirani mliyemtaja. Mwende na wote waliosikia jina lake, mumwambie mbele yao ilikuwa nyama.