Nyumba za Mawe za Mvita na Watu Wanaozitunza

Mgeni atokaye bara, aingiapo Mji wa Kale wa Mombasa kwa njia ya Ndia Kuu, hustaajabia kwanza milango iliyonakishiwa, kisha roshani za mbao zilizotokeza juu ya kichwa chake, na mwisho hushangazwa na wembamba wa njia yenyewe. Mara chache hufikiri kwamba nyumba azitazamazo zina adui. Adui huyo si vita wala moto, bali ni maji ya mvua na chumvi ya bahari, yakisaidiwa na mfuko wa saruji.

Jambo hili lahitaji kuelezwa kwa utaratibu, maana wengi hudhani kwamba saruji ni nguvu na chokaa ni udhaifu. Nyumba ya zamani ya Mvita ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe yayo hayo juu ya rundo la magogo. Dari yake yabebwa na boriti za mikoko, nazo, kwa kuwa urefu wake una mpaka, ndizo zilizoamua upana wa vyumba. Kwa sababu hiyo chumba cha kale huwa kirefu lakini chembamba. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu na kuutoa tena, kama ngozi ya mwanadamu itoavyo jasho. Mwenye nyumba akiupaka saruji, kwa nia njema kabisa, unyevu hufungiwa ndani. Chumvi hujikusanya, lipu hubanduka vipande vipande, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huanza kuoza mahali pasipoonekana. Mkulima aliyepata kuona udongo wa shamba lake ukichukuliwa na maji kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Ni nani, basi, aulindaye mji huu? Sheria ipo, na tutaifikia. Lakini sheria haikai barazani wala haisikii nyundo ikigonga usiku. Jirani ndiye asikiaye.

Yafaa kukumbuka kwamba mapenzi ya wenyeji kwa majengo yao ya kale hayakuwa rahisi siku zote. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ilitwaliwa na Waarabu wa Omani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa muda wa karibu miaka mitatu. Na tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya gereza. Kwa muda wa zaidi ya miaka sitini mtu wa Mombasa aliijua ngome hiyo kuwa mahali ambapo ndugu yake alifungwa. Si ajabu kwamba hakuionea fahari. Ilitengenezwa upya kwa fedha za Taasisi ya Gulbenkian ya Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, msimamizi wake wa kwanza akiwa James Kirkman.

Hapo ndipo raia wasiolipwa mshahara walipoanza kuonekana. Wazamiaji waliopiga mbizi kwa kujifurahisha tu ndio walioyagundua mabaki ya Santo Antonio de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 wakati wa mazingiwa. Wangaliweza kuchukua walichokiona na kukiuza, lakini waliwaarifu wenye makumbusho, na kati ya 1977 na 1980 wataalamu wakaichimbua. Vitu vilivyotolewa baharini viliwekwa katika makumbusho hayo hayo. Kikawapo pia chama cha Marafiki wa Fort Jesus, ambacho katika miaka ya 1980 kilichapisha kitabu cha kuongoza watu katika Mji wa Kale, kilichoandikwa na Judy Aldrick na Rosemary Macdonald. Kitabu hicho kiliandika nyumba hii ilikuwa ya nani na mtaa ule uliitwaje, mambo ambayo yangalipotea pamoja na wazee. Ila kiliandikwa kwa Kiingereza, na mzee aliyezaliwa Kibokoni, akitaka kujua yaliyosemwa juu ya nyumba ya babu yake, ilimpasa kumwita mjukuu amsomee. Hilo ni upungufu, wala halina haja ya kufichwa.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba kazi ya kuhifadhi ilianzia hapo. Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mvita, alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalikuwa vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alikwenda kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayakusanya na kuyaeleza, padre W. E. Taylor akayapokea, na maandiko hayo yakafika London. Mwaka 1940 William Hichens aliyatoa kitabuni huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akayatolea kitabu kingine cha uchunguzi. Mwalimu Sikujua hakuwa na katibu wala mweka hazina, wala daftari ya wanachama. Alikuwa na baraza tu, yaani lile benchi la mawe mbele ya nyumba, na watu waliopenda kukaa juu yake. Laiti angalingoja mkutano wa kwanza uitishwe, pengine leo Muyaka angalikuwa jina tupu.

Sasa turudi kwenye sheria. Mwaka 1990 Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na mpango wake ulitungwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na Baraza la Manispaa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Iliwekwa ofisi ya uhifadhi karibu na ngome, ambako mwenye nyumba atakaye kubomoa au kuongeza ghorofa hupeleka ramani yake kwanza. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 ikatia nguvu zaidi, na mwaka 2011 Fort Jesus ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hayo yote ni mema. Lakini tuifikirie familia moja ya kawaida. Nyumba ni ya marehemu babu, warithi wamekuwa kumi na wanne, wengine wako ng'ambo, na kila mmoja ana sehemu isiyotosha hata kununulia mlango. Dari inavuja. Anakuja mfanya biashara na fedha mkononi, atakaye kujenga ghorofa sita za vyumba vya kupangisha. Chama kikifika siku hiyo kuwaambia warithi juu ya fahari ya mababu, kitasikilizwa kwa adabu, kitapewa kahawa, na nyumba itauzwa. Kikifika miaka mitano kabla, kikiwa na fundi ajuaye chokaa na mtu awezaye kukaa na warithi mpaka wakubaliane, huenda dari ikazibwa na mfanya biashara akakuta watu wasio na haraka. Tofauti ya chama cha maneno na chama cha kazi imo humo, na mwanachama yeyote wa ushirika wa pamba au kahawa ataitambua mara moja.

Miji mingine ya pwani imeonyesha yawezekanayo kwa upande huu na ule. Huko Lamu, ambako mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, umoja wa vyama vya wenyeji uitwao Save Lamu ulipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na mwezi wa Juni 2019 Baraza la Rufani la Mazingira likafuta leseni ya mtambo huo, kwa sababu mojawapo kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Huko Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka hali mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa mashuhuri kupita yote ya Mji Mkongwe, umashuhuri haukulishika.

Kwa hiyo katika Mombasa swali lililo kubwa sasa ni la mafundi. Kituo cha Utamaduni wa Waswahili, kilichoanzishwa chini ya Makumbusho ya Taifa, kiliwafundisha vijana, wa kiume na wa kike, uchongaji, ushoni na ujenzi wa asili. Kijana aliyejifunza hivyo aweza kuugonga ukuta kwa kidole na kujua kama ndani ni kukavu. Lakini chokaa haina haraka kama saruji: huchomwa, hutiwa maji, kisha huachwa ilale kabla ya kupakwa, na fundi apaswa kulipwa siku zote hizo. Mwenye nyumba mmoja hawezi. Nyumba nane za mtaa mmoja, zikichanga shimo moja la chokaa na fundi mmoja, zaweza, na mvua za masika zikiingia mwezi wa Aprili, shimo lapaswa kuwa limejaa tangu Januari.