Jumuiya Ndogo Ndogo Katika Kanisa la Isiolo

Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ni majirani Wakatoliki wanaokutana kila juma, nyumbani kwa mmoja wao, kusali na kusoma Injili ya Jumapili inayokuja. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao, AMECEA, walianza kuzihimiza mwaka 1973, na mkutano wao wa 1976 ukazipa kipaumbele. Sababu ni kwamba parokia zilikuwa kubwa mno, mapadri wachache.

Isiolo yenyewe ni kaunti ya Kenya yenye zaidi ya kilomita za mraba 25,000, nyingi zikiwa nchi kame ya wafugaji, na Wakristo wanaishi kati ya majirani wengi Waislamu. Vikarieti ya Kitume ya Isiolo ilimegwa kutoka Jimbo la Meru mwaka 1995. Askofu wake wa kwanza, Luigi Locati, aliuawa mjini Isiolo Julai 2005. Mwaka 2023 vikarieti hiyo ikawa jimbo kamili. Hayo ndiyo yanayoingia katika vitabu vya historia, lakini juma la muumini wa kawaida hujazwa na mambo madogo zaidi.

Katika mkutano wa jumuiya wimbo huanza, Injili inasomwa, watu wananyamaza, kisha kila aliyeguswa na maneno fulani huyarudia kwa sauti. Baada ya maombi huja matangazo, na hapo ndipo uzito wa mkutano ulipo: nani anaumwa, nani amefiwa, zamu ya kufagia kanisa ni ya nani, jumuiya itapokelewa wapi juma lijalo. Mchango hukusanywa, hata kama ni kidogo. Wakati wa Kwaresima husomwa kijitabu cha kampeni ya maaskofu wa Kenya. Katika vigango ambako padri hafiki kila Jumapili, katekista huongoza ibada ya Neno.

Ratiba hii haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, na hiyo ni heri. Mama asiyejua kuhubiri anajua zamu yake. Mzee asiyejua kusoma ana sala yake. Mtu huridhika anapojua kwamba akikosekana ataulizwa. Ukame ukiwahamisha wafugaji, mkutano hupungua, nao waliobaki huendelea. Wanawake ndio wanaobeba kazi kubwa, na ingefaa wanaume waitikie zaidi.

Mzazi anayetaka mtoto wake abatizwe huulizwa kwanza: jumuiya yako ni ipi?