Kabla ya Kumfungulia Moyo Mshauri, Muulize Maswali

Jino likikuuma, msomaji, huendi kwa kinyozi. Lakini ndoa inapoyumba au mwana anapoacha kula, wengi wetu huingia ofisi yoyote iliyoandikwa "ushauri nasaha" mlangoni, bila kujali aliye ndani alisomea nini.

Kazi hii ilianza kujulikana sana Nairobi baada ya bomu la Agosti 7, 1998, lililoua zaidi ya watu 200. Maelfu ya majeruhi na wafiwa walihitaji kutulizwa, ilhali hapakuwa na sheria mahususi ya kuwasimamia washauri. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilikuja mwaka wa 2014, ikaunda bodi ya kuwasajili. Basi usione haya kuomba cheti. Anayekasirika kuulizwa, muage.

Muulize pia amezoea matatizo gani. Hodari wa mambo ya ndoa huenda asijue la kufanya na mtoto aliyenajisiwa. Mwenye maadili atakwambia wazi kuwa jambo hilo limemzidi, kisha akuelekeze kwingine. Na akitoa vidonge kwenye droo ilhali yeye si daktari, chukua mkoba wako uondoke!

Je, siri? Hapa pana kisa ambacho wanasaikolojia wengi hufunzwa. Mwaka wa 1969, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba angemuua msichana fulani. Mwanasaikolojia aliarifu polisi wa chuo, wakamhoji kijana na kumwachilia. Tatiana Tarasoff mwenyewe hakuonywa, wala wazazi wake. Akauawa Oktoba mwaka huo. Mnamo 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua zifaazo kumlinda anayetishiwa. Ni sheria ya kwao, si yetu, lakini inaonyesha kwa nini mshauri mzuri hukueleza mapema, kabla hujaanza kulia, ni siri zipi atakazozitunza na zipi hawezi.

Nanyi wanafunzi, aghalabu mshauri wa chuo ndiye huyo huyo mhadhiri anayesahihisha mtihani wenu. Utamwambiaje kuwa somo lake ndilo linalokukosesha usingizi? Una haki ya kuomba mwingine, na akiwa anaijua kazi yake, atakutafutia yeye mwenyewe.