Je, Wajua? Kila Kelele ya Hedifoni Ina Kwao

Ngoma zinapiga, besi imenyooka, kinanda kipo mahali pake. Mwimbaji tu ndiye hayupo. Kilichobaki cha sauti yake ni mwangwi wa mbali, kama mtu anayeimba kisimani. Prodyuza anapandisha maiki, anafunga programu na kuifungua tena, anamshuku hata mwimbaji mwenyewe. Kumbe kilichokatika ni waya mmoja mwembamba ndani ya pini ya hedifoni.

Pini ya kawaida ya stereo ina sehemu tatu. Ncha hubeba sauti ya kushoto, pete ya katikati hubeba ya kulia, na shina ndilo njia ya kurudishia umeme wa pande zote mbili. Njia hiyo ya kurudi ikikatika, umeme hulazimika kuingia spika ya kushoto na kutokea ya kulia, na hedifoni nzima hutoa tofauti tu iliyopo kati ya pande hizo mbili. Sasa, mwimbaji kwa desturi huwekwa katikati, yaani sawasawa kushoto na kulia, na ukitoa kitu kwa kilicho sawa nacho unapata sifuri. Mwangwi uliotandazwa pembeni haulingani pande zote, kwa hiyo wenyewe unabaki.

Mkasa huo huo hutokea pini isipozama yote kwenye soketi. Hutokea pia kwa hedifoni zenye maiki, zile za pini ya sehemu nne, zikichomekwa kwenye kifaa kilichopanga sehemu hizo kwa utaratibu tofauti. Hapo kuna jaribio la haraka: bonyeza kitufe cha kupokelea simu kilicho kwenye waya. Kitufe hicho huiunganisha njia ya maiki na njia ya kurudishia, umeme ukapata pa kurudia, na kwa muda wote kidole kinapokaa pale mwimbaji anasikika.

Ikiwa ni waya uliokatika, mara nyingi umekatikia unapoingia kwenye pini, ndani ya kile kimpira kinachouzuia usipinde. Fundi redio hukata sentimita chache na kufunga pini mpya. Wanaojaribu nyumbani hukwama mahali pamoja: nyuzi za shaba zimepakwa vanishi ya rangi, mara nyingi nyekundu kwa kulia, kijani au buluu kwa kushoto, na lehemu haishiki juu ya vanishi. Sharti ichomwe au ikwanguliwe kwanza.

Hedifoni yenyewe ni spika ndogo: sumaku, koili ya waya mwembamba, na utando wa plastiki uliogandishwa kwenye koili hiyo. Eugen Beyer wa Berlin alitoa hedifoni ya muundo huo, DT 48, mwaka 1937, na mpaka leo studio nyingi duniani zinatumia muundo huo huo. Utando ni mwembamba sana, na koili hucheza katika upenyo usiofika hata milimita moja. Kwenye nafasi finyu namna hiyo, kitu kidogo mno huleta balaa.

Unywele, kwa mfano. Walio na DT 770, hedifoni ya kampuni ya Beyer inayoonekana katika studio nyingi, wanaujua msiba huu, ingawa karibu kila hedifoni yenye matundu mbele ya spika inaweza kuupata. Unywele mfupi hudondoka kichwani, hupenya kitambaa na sifongo, kisha hujichomeka kwenye tundu mpaka ncha yake iuguse utando. Sauti za juu zinapita salama. Besi ikiingia, utando unasogea zaidi, unaugonga unywele, na sikio linasikia mkwaruzo au mtetemo kavu upande mmoja, kana kwamba spika imeungua. Watu wamezitupa hedifoni nzima kwa unywele mmoja.

Namna ya kuugundua ni kupiga toni tupu ya chini, ianzie hezi 20 na kupanda taratibu hadi 200, sauti ikiwa ya wastani. Mtetemo ukijitokeza kwenye masafa fulani tu, kisha ukapotea, kuna kitu kinaguswa. Mto wa sikio huvuliwa, sifongo hutolewa, na chini ya taa kali kinachotafutwa ni uzi mweusi uliosimama ndani ya tundu. Hutolewa kwa kibanio chembamba au kwa gundi ya karatasi ya kunata. Hewa ya kompresa isitumike kabisa, kwa sababu utando ukibonyea ndani huweza usirudi sawa tena.

Mvumo ni habari nyingine. Umeme wa gridi Tanzania na Kenya hubadili mwelekeo kwa hezi 50, na mvumo wa hezi 50 ni karibu sawa na noti ya G ya chini kabisa upande wa kushoto wa piano. Amerika Kaskazini, kwenye hezi 60, mvumo huohuo huangukia kati ya B bapa na B. Hedifoni haina kosa hapa. Inatoa taarifa tu. Kwa kawaida laptopu iko kwenye soketi moja na mikseri kwenye nyingine, zimeunganishwa pia kwa waya wa sauti, na umeme mdogo unazunguka kupitia nyaya za ethi. Chomoa chaja, laptopu iende kwa betri. Mvumo ukizimika, mzunguko umepatikana, na tiba ya kwanza ni kuchomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja.

Kwa upande wetu kuna chanzo kingine, nacho ni cha kujitakia. Soketi za matundu matatu zina kizuizi kinachofunguliwa na pini ndefu ya ethi. Mwenye plagi ya pini mbili huchukua kalamu, akaisukuma ndani ya tundu la juu, kizuizi kikafunguka, plagi ikaingia. Umeme unapata, ethi hupati, na kalamu yenyewe ni hatari. Ukigusa bati la mikseri na mvumo ukapungua, mwili wako umefanya kazi ya ethi, na mikseri hiyo isiguswe tena mpaka fundi umeme aje. Kuvunja pini ya ethi ili kuua mvumo, ujanja unaofundishwa mitaani, ni kubadilisha kero kwa kifo.

Kuna ule mlio wa "tititi, tititi" unaotangulia simu kuita. Simu ya 2G haitangazi mfululizo: hufyatua mafungu mafupi ya redio, fungu moja kila milisekunde 4.6, yaani mara 217 kwa sekunde, na nguvu yake inaweza kufika wati 2. Amplifaya iliyo karibu huyageuza mafungu hayo kuwa sauti, na hezi 217 sikio linaisikia bila shida. Waya mrefu wa hedifoni hugeuka antena. Simu ihamishwe chumba kingine, yameisha.

Mipasuko midogo isiyo na mpangilio, hasa programu nyingi zikiwa wazi, hutoka kwenye kompyuta. Sauti hupelekwa kwa mafungu. Bafa, yaani ukubwa wa kila fungu, ikiwa ya sampuli 64, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, inaipa kompyuta milisekunde moja na nusu tu kuandaa fungu linalofuata. Ikichelewa, pengo linasikika kama "tik". Ukipandisha bafa hadi 512 mipasuko hupotea, lakini mwimbaji huanza kujisikia kwa kuchelewa, ndiyo maana maprodyuza hurekodi kwa bafa ndogo na kuchanganya kwa kubwa. Mkwaruzo unaotokea kitasa cha sauti kinapozungushwa ni vumbi ndani ya kitasa. Kizungushe mara kadhaa huku kifaa kimezimwa.

Chembechembe za "shhh" nyuma ya kila kitu hazitaisha zote. John B. Johnson wa Bell Labs alionyesha mwaka 1928 kwamba joto lenyewe huzisukuma elektroni ndani ya kila kipinga umeme, na msukumo huo ni kelele. Hedifoni ya omu 32 kwa kawaida huzifanya kelele za amplifaya zisikike zaidi kuliko ya omu 250, hata zikichomekwa tundu moja.

Mtu anayesikia mlio mwembamba hata pini ikiwa mkononi, haijachomekwa popote, aachane na nyaya amwone daktari wa masikio. Ili kuyalinda masikio, Shirika la Afya Duniani linaruhusu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa zinashuka hadi nne.