Dhamira ya Mapenzi: Usiishie Kwenye "Mapenzi ya Dhati"

Mtahiniwa, dhamira ya mapenzi ndiyo wanafunzi wengi huifurahia darasani, na ndiyo hiyo hiyo huijibu vibaya katika chumba cha mtihani. Sababu ni kwamba kila mmoja anadhani anaijua. Ukiulizwa kuhusu rushwa, unatulia na kukikumbuka kitabu. Ukiulizwa kuhusu mapenzi, kalamu inakimbia yenyewe: mapenzi ya dhati, mapenzi ya uongo, mapenzi ya wazazi kwa watoto, kisha onyo kwa vijana na nukta. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo kwa miaka kadhaa. Mengi yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kufungua kitabu chochote.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili hakina neno moja tu kwa jambo hili. Upendo ni neno pana: la mzazi kwa mwana, la jirani kwa jirani. Mapenzi hubeba hayo pamoja na yale ya wawili wanaotakana. Penzi, katika umoja, mara nyingi ni uhusiano mmoja mahususi. Mahaba na huba huelekea kwenye raha ya wapendanao, ashiki ni hamu kali, na tamaa ni kutaka kulikobeba lawama. Katika mashairi ya pwani ukikutana na nyonda, ujue anatajwa mpenzi. Mwandishi anapochagua moja kati ya maneno haya, anakuwa ameshasema jambo. Edwin Semzaba angeweza kuita tamthiliya yake kwa jina lingine lolote, lakini aliiita Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Hakusema upendo, wala hakusema mapenzi kwa jumla.

Sasa tuiangalie tamthiliya hiyo kwa makini. Ngoswe ni karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anafikia kwa Mitomingi, balozi, mwenye wake wawili, na hapo anakutana na Mazoea, binti wa mwenyeji wake. Anampenda, au anamtamani. Hilo ni la kwako kulijadili. Mazoea ameshaposwa. Kazi ya sensa inalegea, mpango wa kutoroka unapangwa, na Mitomingi anapojua anaghadhibika na kuzichoma karatasi za sensa.

Watahiniwa wengi huishia hapo, na huandika hivi: "Mapenzi ya uongo. Ngoswe alikuwa na mapenzi ya uongo kwa Mazoea. Hii si nzuri katika jamii kwa sababu mapenzi huleta magonjwa." Katika maelezo hayo kitabu hakipo. Magonjwa yametoka wapi? Yametoka kwenye kitabu kingine, au kwenye bango la zahanati. Na huo uongo umethibitishwa na tendo gani?

Ninakushauri ujiulize swali moja kila unapoona wapendanao katika kazi ya fasihi: gharama ya penzi hili inalipwa na nani? Ukilijibu, hoja zinakuja zenyewe. Katika Ngoswe, anayelipa kwanza ni taifa. Sensa si mchezo wa kuhesabu vichwa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na idadi kama hiyo ndiyo serikali huitumia kupanga shule, zahanati na maji. Karatasi zilizoungua nyumbani kwa Mitomingi ni kijiji kizima kilichofutika katika mipango. Hapo ndipo neno "uzembe" katika jina la kitabu linapopata uzito. Kosa la Ngoswe si kwamba moyo wake ulipenda. Ni kwamba alilichukua jukumu la umma na kuliweka chini ya haja yake binafsi. Ukiandika hivyo umeunganisha mapenzi na uwajibikaji, na msahihishaji ataona kuwa umekisoma kitabu.

Anayelipa wa pili ni Mazoea, na huyu watahiniwa humsahau kabisa. Baba anataka aolewe na aliyemposa. Karani anataka aondoke naye. Kila mwanaume ana mpango juu yake. Yeye kumkubali Ngoswe kunaweza kusomwa kama wepesi wa kudanganyika, na majibu mengi husema hivyo. Mimi ninakusoma pia kama nafasi pekee aliyopata ya kuchagua, hata kama alichagua vibaya. Huna lazima ya kukubaliana nami. Katika mtihani unaruhusiwa kuwa na msimamo wako ilimradi uuthibitishe kwa matukio ya kitabu.

Wengine huniuliza: je, Mitomingi naye si mzembe? Alizichoma karatasi za serikali kwa hasira ya binti. Ndiyo, na hiyo ni hoja nzuri ambayo wachache huitoa.

Twende Kilio Chetu, tamthiliya ya Medical Aid Foundation. Humu kuna Joti na Suzi, vijana walioingia katika mapenzi bila maarifa. Suzi anapata mimba, Joti anafariki kwa UKIMWI. Ni rahisi kuandika kwamba tamaa iliwaponza, na si kosa, lakini tamthiliya yenyewe haielekezi kidole kwa vijana peke yao. Soma tena sehemu za wazazi. Mama Suzi anaona kumweleza mtoto mambo ya jinsia ni kinyume na mila. Baba Anna anaona vijana waelimishwe mapema. Kwa hiyo mgogoro mkubwa ni kati ya watu wazima wanaosema na watu wazima wanaonyamaza, na watoto ndio wanaolipa ukimya huo. Hoja yako iandikwe karibu na hapo. Usiseme tu "vijana waache mapenzi". Kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya vijana tu.

Ukiulizwa uhalisia wa kazi hiyo, unaweza kuongeza sentensi moja kuhusu jamii ya leo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito, na tangu mwishoni mwa 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Sentensi moja inatosha. Ukiandika ukurasa mzima wa sheria utakuwa umeingia kwenye somo la Uraia.

Kwa upande wa riwaya, Takadini ya Ben Hanson inakupa mapenzi ya aina mbili, na nisingependa uyachanganye. La kwanza ni la Sekai kwa mwanawe. Aliishi miaka mingi bila mtoto, akiwa mke mkubwa wa Makwati, na alipojifungua, mtoto alikuwa na ualbino. Mila ilidai mtoto auawe. Sekai alimbeba akatoroka, akapoteza mume, nyumba na heshima ya ukoo. La pili ni la Shingai, msichana aliyekubali kuolewa na Takadini wakati wengine wakimwona kijana huyo kama mkosi. Wote wawili wanapenda kinyume na mila. Linganisha hilo na Ngoswe: naye alipenda kinyume na mila, kwa binti aliyeposwa. Kwa nini basi tunamsifu Sekai na kumlaumu Ngoswe? Angalia nani alibeba gharama. Sekai aliilipa mwenyewe. Ngoswe aliwaachia wengine. (Jambo dogo: katika maelezo yako andika "mtu mwenye ualbino". Neno "sope" litumie unapoeleza lugha ya wahusika tu.)

Huu hapa mfano wa aya moja ya jibu, uone urefu wake:

"Mapenzi yanaweza kusababisha kutowajibika. Katika Ngoswe, mhusika Ngoswe ametumwa na serikali kuhesabu watu, lakini penzi lake kwa Mazoea, binti aliyekwishaposwa, linamfanya apange kutoroka badala ya kumaliza kazi. Matokeo yake Mitomingi anakasirika na kuchoma karatasi za sensa. Hivyo kijiji kizima kinaathirika kwa haja ya mtu mmoja."

Hoja, tukio, matokeo, athari, bila mahubiri. Sasa jaribu mwenyewe swali hili kwa dakika 40, kitabu kikiwa kimefungwa: "Wapendanao katika fasihi huadhibiwa hata wasipokosa." Jadili kauli hii kwa kutumia tamthiliya mbili ulizosoma, hoja tatu kwa kila tamthiliya. Unaruhusiwa kuipinga kauli. Ukikwama, anza na Mazoea.