Nyimbo za Jadi Darasani: Kwa Nini Ninaanza na Mwenda Jean Bosco

Kila muhula, wanafunzi wetu wanapojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya ufundishaji, huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, tuchukue nyimbo zipi?" Wanajua kwamba nyimbo ni sehemu ya fasihi simulizi na kwamba darasa la saa nane mchana, wakati wa jua kali, huamshwa na wimbo kuliko maelezo ya ngeli. Wengi wao hukimbilia Malaika. Siwalaumu, maana ni wimbo mzuri na kila mtu anaujua. Lakini kwa kuwa kila mtu anaujua, haumfundishi mwanafunzi jambo jipya.

Makala haya ni jibu langu kwao, na pia kwa walimu wenzangu wanaofundisha Kiswahili katika shule za Uganda. Nitawataja wanamuziki ninaowapenda na kueleza kila mmoja anafaa kwa kazi gani. Sitawapa nafasi sawa, kwa sababu hawana uzito sawa mbele ya wanafunzi tulio nao.

Kwanza nitoe hoja moja njiani. Wapo wanaosema kwamba wimbo wenye mtunzi anayejulikana si wimbo wa jadi. Mimi sikubaliani nao sana. Wimbo ukishatoka kinywani mwa mtunzi, wengine wakaupokea, wakauimba bila kitabu na kubadili maneno wapendavyo, umekwisha kuingia katika jadi, hata kama jina la mwenyewe linakumbukwa. Malaika wenyewe umegombaniwa: Fadhili William wa Kenya alijulikana kwa kuurekodi, na wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim. Ugomvi wa namna hiyo ni dalili kwamba wimbo umekuwa wa watu.

Sasa nije kwa Mwenda Jean Bosco, aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 huko Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, akarekodi nyimbo zake kadhaa, ukiwamo Masanga. Bosco hakuwa na bendi. Alikuwa na gitaa moja na vidole vyake. Kidole gumba kinashika besi, vingine vinafuma sauti za juu, na msikilizaji asiyejua ataapa kwamba wapiga gitaa ni wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na wapiga gitaa wengi wa Kenya waliiga mtindo wake. Aliendelea kurekodi hadi miaka ya 1980, akafariki dunia mwaka 1990. Anayempenda Bosco amsikilize pia jamaa yake, Edouard Masengo, aliyefanya kazi Nairobi kwa miaka kadhaa.

Wanafunzi waliokulia katika eneo la Buganda humwelewa Bosco mara moja, kwa sababu wamezoea kadongo kamu, muziki wa mwimbaji mmoja na gitaa lake anayesimulia visa na kuonya watu. Mwanafunzi anayemjua marehemu Paulo Kafeero hahitaji kuelezwa kwa nini mtu mmoja mwenye gitaa anaweza kuwakalisha watu kimya. Tazameni pia jina lenyewe: ka-dongo ka-mu. Kile kiambishi ka- cha kudogosha tutakutana nacho tena baada ya muda mfupi.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuanza na Bosco si gitaa. Ni Kiswahili chake.

Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Ndugu zetu wa huko husema batoto, si watoto. Banasema, si wanasema. Husema mu nyumba na ku soko, mahali ambapo sisi tunafundisha nyumbani na sokoni. Kitu kidogo hupewa ka-, na wingi wake tu-: katoto, tutoto. Mwalimu aliyefundishwa kwa vitabu vya Kiswahili sanifu, kama wengi wetu, akisikia hayo mkono wake hutafuta kalamu nyekundu.

Kalamu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, na wengi miongoni mwao wametoka Kongo. Katika shule zilizo karibu na makazi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II, wamo watoto waliotoka Kivu na Ituri ambao Kiswahili wamekitumia tangu wakiwa wadogo. Kiswahili chao si kile kile cha Katanga, lakini wengi wao wanatumia ba- na mu kama Bosco. Nikiwa katika ukaguzi wa mazoezi ya ufundishaji, katika shule moja ambayo sitaitaja, nilifunua daftari la msichana mmoja wa Kongo. Alikuwa ameandika insha ndefu kuliko zote darasani, ukurasa na nusu, wakati wenzake wametoa mistari mitano. Kila ba- ilikuwa imekatwa, na chini mwalimu ameandika: "Hiki si Kiswahili." Niliangalia kurasa zilizofuata. Insha yake ya pili ilikuwa na mistari minne, haina kosa, na haina neno lolote la kusomeka.

Mtoto aliyekuwa na Kiswahili kingi kuliko wote ndiye aliyenyamazishwa. Na hili linatokea wakati nchi inatafuta wasemaji wa Kiswahili kwa tochi! Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikaja na mamilioni ya watu wanaozungumza kama msichana yule.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba mtihani uandikwe kwa Kiswahili cha Katanga. Mtihani unataka Kiswahili sanifu na mwanafunzi lazima akipate. Ninachosema ni kwamba Kiswahili cha Bosco kina kanuni zake, na kanuni hizo ni daraja la kufikia sanifu. Hebu tulitazame daraja lenyewe. Chukueni sentensi hii ya kawaida ya Kikongo: "Batoto bako mu nyumba." Mwanafunzi wa Kiganda anasema: "Abaana bali mu nnyumba." Kiswahili sanifu kinasema: "Watoto wamo nyumbani." Ziandikeni zote tatu ubaoni, moja chini ya nyingine. Darasa litaona ba- ikiwa wa-. Kisha muwaulize: mu imekwenda wapi? Haikupotea. Imo ndani ya wamo, imo katika humu, imo katika nyumbani mwangu. Ngeli ya mahali, ambayo wanafunzi huiogopa kuliko zote, inafunguka hapo hapo, kwa sababu tayari wanayo katika lugha yao.

Tahadhari moja tu kwa wanaofundisha Waganda: ku haifanani sana. Katika Kiganda, ku mmeeza ni juu ya meza, wakati ku soko ya Kikongo ni sokoni. Mkilinganisha bila kulisema hili mtazua kosa jipya badala ya kuondoa la zamani.

Namna ya kuendesha somo si ngumu. Wasikilize wimbo mara mbili bila maandishi. Waandike maneno waliyoyapata, hata kama ni sita. Kisha waelezeni wageuze kwa sanifu, na mumpe mwanafunzi wa Kongo, kama yupo, kazi ya kuwasahihisha wenzake kuhusu maana. Nimewaona walimu wawili wakifanya hivyo, na katika madarasa yote mawili mtoto aliyekuwa akikaa nyuma alihamia mbele. Masanga hausaidii sana katika zoezi hili kwa sababu gitaa ndilo linalosema zaidi. Tafuteni nyimbo zake zenye maneno mengi, kama Bombalaka.

Baada ya Bosco, na si kabla yake, ninawapeleka wanafunzi pwani. Hapo ninapendekeza Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016, na Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Nyimbo nyingi za Juma Bhalo zilitungwa na malenga Ahmad Nassir, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita, kwa hiyo anayefundisha vina na mizani anazo tayari. Humo watasikia mato kwa macho, ndoo kwa njoo, na kuteka kwa kucheka. Mwanafunzi atadhani mtu anateka maji kwa ndoo, kumbe anacheka na kumwita mpenzi wake! Na hapa huwa nawauliza: mbona mato mnaiita tamu na batoto mnaiita mbovu? Zote mbili si sanifu. Sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kimvita kilikuwa na malenga na miswada. Kiswahili cha Katanga kilikuwa na wafanyakazi wa migodi. Waachieni wanafunzi walijadili wenyewe. Mjadala huo hauhitaji mwalimu.

Siti binti Saad wa Unguja hawezi kukosa. Alirekodi Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kwa kidato cha tano na sita ninapendekeza Kijiti, wimbo unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni ambamo mhalifu alitoroka na wanawake wengine wakaadhibiwa. Ni somo zuri la wimbo kama gazeti la wasiokuwa na gazeti. Santuri ni za zamani na zina mkwaruzo mwingi, hivyo soma maneno kwanza. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, ana sauti ambayo hakuna atakayeisahau, lakini nyimbo zake za unyago zilikuwa za kuwafunda wasichana mbali na masikio ya wengine. Chagueni kwa uangalifu mkiwa na darasa la mchanganyiko.

Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, ninamweka kwa ajili ya fasihi simulizi. Sehemu kubwa ya nyimbo zake ni za Kigogo, kwa hiyo hatawafundisha sarufi. Atawaonyesha zeze na marimba ya vidole, ambavyo wanafunzi huvisoma vitabuni bila kuvisikia.

Kuhusu upatikanaji, rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na baadhi yake husikika kwenye intaneti. Maneno ya nyimbo yaliyoandikwa huko kwenye intaneti msiyaamini: aghalabu mwandishi ameyasanifisha, ba- zote zimekwisha kuwa wa-. Sikilizeni wenyewe na muandike kwa mkono. Wimbo wa dakika tatu huchukua kama saa moja na nusu.