Wachungaji Wasiofika Magu

Maji unayoyaona ukisimama ufukweni Magu ni Ghuba ya Speke. Msafiri Stanley ndiye aliyeipa jina hilo, kumkumbuka Speke, Mwingereza aliyeliona Ziwa Victoria kutoka kilima cha Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Kabla ya hapo ziwa lilikuwa limeshachorwa na wamisionari wawili wa Kijerumani waliokuwa pwani, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt. Hakuna kati yao aliyewahi kunawa mikono katika maji haya.

Rebmann na mwenzake pale Rabai, Ludwig Krapf, walilelewa katika Ulutheri wa Württemberg, ingawa waliowatuma ni Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS. Maandishi yao hayakungoja uzee kupata umaarufu, na yana rekodi kadhaa.

Yaliyochekwa kuliko yote ni taarifa ya Rebmann ya 1849. Tarehe 11 Mei 1848 alikuwa ameona weupe juu ya Kilimanjaro, akamuuliza kiongozi wa msafara wake ni kitu gani kile. Yule hakuwa na jina lake, akakiita tu baridi. Mimi naona hakuna maelezo ya theluji yaliyo mafupi na sahihi zaidi ya hayo. Huko London, W. D. Cooley, bingwa wa ramani za Afrika ambaye mguu wake haukuwahi kukanyaga Afrika, alikataa katakata. Kwa wengi ubishi uliisha mwaka 1862, Baron von der Decken alipopanda mlima na theluji ikamwangukia.

Lakini rekodi ya athari inashikwa na ramani ya Rebmann na Erhardt ya 1856, nayo ndiyo yenye kosa kubwa kuliko yote. Erhardt alikaa Tanga mwaka 1854 akiwauliza wenye misafara. Kila njia ya biashara iliyoanzia pwani, wakamwambia, inaishia kwenye maji makuu. Walisema kweli. Waliopita kusini walikuwa wamefika Nyasa, wa katikati Tanganyika, na wa kaskazini walizungumzia Bahari ya Ukerewe, yaani ziwa la kisiwa tunachokitazama ng'ambo ya ghuba. Wamisionari wakayaunganisha maji yote matatu yakawa bahari moja, ndefu na iliyopinda, mfano wa konokono asiye na gamba. London walicheka tena, ila safari hii walitoa na fedha: wasafiri Burton na Speke walitumwa kwenda kuhakikisha. Kwa hiyo sifa ya ramani ile ni ya Waswahili na Wanyamwezi waliokwenda na kurudi kwa miguu. Kosa ni la waliounganisha.

Kwa kazi iliyosubiriwa muda mrefu kupita zote, hakuna wa kushindana na Krapf. Alitua Mombasa Mei 1844, na kabla Julai haijaisha alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Akajifunza Kiswahili hivyo hivyo, na mwaka 1850 akachapisha sarufi yake. Kamusi yake kubwa ilitoka 1882. Mwenyewe alikuwa amekufa Novemba ya mwaka uliotangulia. Vitabu vyake vya safari vilisomwa sana Ulaya, lakini anayetafuta Kiswahili cha Mombasa cha zamani bado anaifungua kamusi ile.

Rekodi ya uvumilivu ni ya Rebmann: miaka 29 Afrika Mashariki bila kwenda kwao hata mara moja. Burton alimtaka wafuatane bara, akakataa. Aliondoka 1875 akiwa karibu kipofu. Mwaka huo huo, Machi, Stanley alishusha mashua yake majini kutoka Kageye, kwenye ghuba yetu hii, akalizunguka ziwa lote, akarudi Mei na uthibitisho kwamba ni ziwa moja, limejitenga na mengine. Rebmann alizikwa Korntal, Ujerumani, mwaka 1876.